Maoni: Hadithi za wapelelezi zionyeshe pia kosa la yule anayeshuku

Mtu anayecheza hadithi ya upelelezi kwa simu anakuta mambo yanayofanana karibu kila mahali. Anapewa jina la uongo, nguo za kuazima na kazi ya siri ndani ya maskani ya adui. Kila hatua anaulizwa achague: apite mlango wa mbele au azunguke nyuma, amjibu mlinzi au anyamaze. Pembeni kuna namba inayopanda. Namba hiyo ndiyo mashaka. Akikosea kidogo inafika 20, akikosea tena inafika 60, ikifika 100 amekamatwa na hadithi imekwisha.

Ni mchezo mtamu, hakuna wa kubisha. Na kuutunga hakuombi tena pesa nyingi. Kuna programu za bure kama Twine, iliyoanza mwaka 2009, ambayo kijana mwenye kompyuta moja anaweza kuandikia hadithi yenye njia nyingi bila kusomea kazi ya kompyuta. Redio nayo inaweza kufanya vile bila kompyuta yoyote: mchezo unakatwa pahali pabaya, wasikilizaji wanatuma ujumbe, na juma linalofuata hadithi inashika njia waliyoitaka wengi.

Lakini kwa wakaaji wa Kivu na Ituri, namba ile inayopanda siyo mchezo tu.

Mwisho wa mwezi wa kumi 2014, katika mji wa Beni, kundi la watu lilimuua kijana mmoja kwa mawe kwa kumdhania ni muasi wa ADF. Habari zilizotolewa wakati ule zilisema ya kwamba mashaka yalianzia ndani ya basi. Abiria waligundua hajui Kiswahili, tena alikuwa na panga. Ni hayo mawili. Mwezi ule raia walikuwa wameuawa wengi katika eneo la Beni na hofu ilikuwa imejaa kila nyumba, kwa hiyo namba ilipanda upesi mpaka mwisho. Jina la kijana halikujulikana. Lakini panga, nani anaenda shambani Beni bila panga? Na mtu aliyekulia Mbandaka au Kinshasa anaweza kushuka Beni leo bila neno moja la Kiswahili mdomoni.

Mtunzi anayeandika ndani ya hadithi yake ya kwamba mtu akisema kwa lafudhi ya kigeni mashaka yaongezeke 30, ameandika sheria ileile ya basi la Beni. Pengine hakukusudia. Ameiga tu michezo aliyoizoea, mahali ambapo mgeni ni adui kwa sababu ni mgeni. Ila anayesikiliza akiwa chini ya bashi, kilometa 100 mbali na kijiji chake, akiwa na lafudhi ya kwao, ataisikia kwa namna nyingine kabisa.

Je, watunzi waache hadithi za wapelelezi? Hapana. Watu waliopita katika vita wana haki ya kufurahia hadithi yenye moyo kudunda, na mashaka ndiyo chumvi ya hadithi hiyo. Kinachotakiwa ni kuangalia mashaka yanatoka wapi, yanashuka kwa njia gani, na nani analipa yakiwa ya uongo.

Mmarekani Andrew Plotkin alitoa mwaka 1998 hadithi ya maandishi matupu, bila picha, inayoitwa Spider and Web. Ndani yake mwenye kucheza ni mpelelezi aliyekwisha kukamatwa. Amefungwa kwenye kiti, na mtu anayemhoji anamtaka asimulie namna alivyoingia. Akisimulia jambo lisilolingana na vitu vilivyokutwa, anakatizwa na kurudishwa nyuma aanze tena. Mhoji hajali sura yake wala asili yake. Anatazama kitu kimoja: umbali kati ya maneno na matendo. Zaidi ya miaka 25 imepita na watunzi wa michezo bado wanaitaja hadithi ile.

Jambo hilo linaweza kuletwa nyumbani bila shida. Mwanamke amebeba beseni la sombe, na chini ya majani kuna barua. Kwenye bariere anasema anaishi katika kambi fulani. Mlinzi hamwulizi kabila. Anamwuliza bidoni ya maji inauzwa pesa ngapi pale siku hizi, na foleni ya maji inaanza saa ngapi. Mtu anayeishi pale anajibu kabla swali halijaisha, tena kwa kulalamika. Mpelelezi anafikiri kidogo. Wasikilizaji wote wa kambini watajua jibu kabla yake, na watatetemeka kwa ajili yake. Hiyo ni hadithi yenye mashaka ya kweli, na haikumtukana mtu yeyote.

Hata hapo kuna mtego, na watunzi waujue. Mkimbizi wa kweli mara nyingi hana hadithi iliyonyooka. Aliyekimbia usiku na watoto watatu anachanganya siku, anasahau jina la kijiji alicholala, leo anasema walikuwa wanane na kesho tisa, kwa sababu yule wa tisa alifia njiani na kumtaja kunamwumiza. Kadi ya uchaguzi, ambayo kwa wengi ndiyo kitambulisho pekee, iliungua na nyumba. Kila hadithi inayopandisha mashaka kwa sababu ya maneno kupishana itamkamata huyu kwanza. Mpelelezi aliyefundishwa ndiye mwenye majibu laini. Mtunzi mwerevu atageuza kipimo: maneno yaliyonyooka mno ndiyo yamfanye mlinzi akunje uso.

Tena mashaka yashuke. Katika michezo mingi yanashuka kwa kujificha tu, mpelelezi akikaa nyuma ya ukuta mpaka walinzi wachoke. Nani amewahi kuona hivyo kwenye bariere ya Kongo? Hapa mashaka yanashuka pale mtu mwingine anaposema: "Huyu ninamjua." Anaweza kuwa mkubwa wa nyumba kumi, mchungaji, motari anayempakia kila siku, mama anayeuza makala pembeni ya njia. Neno hilo moja limeokoa watu wengi kuliko karatasi. Na lina bei. Anayemdhamini mgeni anaweka jina lake mwenyewe mezani. Siku mgeni akigunduliwa kuwa mpelelezi, askari hawatampata, amekwisha kwenda. Watampata mama wa makala.

Hadithi ya upelelezi yenye kusahau mama huyo imedanganya. Shujaa anakimbia, muziki unapigwa, watu wanapiga makofi, na aliyemwamini anabaki peke yake na maswali. Iwe basi ya kwamba kila mara shujaa anapotumia wema wa mtu, hadithi imrudishe kwa mtu huyo, wasikilizaji waone kilichompata. Kufanya hivyo hakupunguzi utamu. Ndipo uchaguzi unakuwa mgumu.

Kuna mchezo ambao vijana wengi wanaufahamu, unaoitwa Mafia, uliotungwa Moscow mwaka 1986 na mwanafunzi Dimitry Davidoff. Wauaji wachache wanajuana, wanakijiji wengi hawajui kitu. Usiku wauaji wanaua, mchana kijiji kinapiga kura ya kumtoa mmoja. Mara nyingi kinamtoa asiye na kosa, tena kwa sababu za ajabu: amecheka vibaya, amenyamaza mno, amejitetea kwa haraka. Lakini kwa kawaida, mtu akitolewa karata yake inafunuliwa. Kijiji kinaona kimeua mtu wake. Katika maisha hakuna anayefunua karata. Aliyeuawa anabaki mpelelezi katika midomo ya watu, na jamaa yake inahama mtaa kwa aibu. Ndiyo sababu hadithi, ambayo ina uwezo wa kufunua karata, isikose kuifunua.

Mchezo wa Lucas Pope, Papers, Please, wa mwaka 2013, ulikwenda mbali zaidi. Mwenye kucheza ni afisa wa mpakani anayekagua vitambulisho. Mshahara wake unafuata idadi ya watu anaowashughulikia, na nyumbani jamaa yake inataka chakula, dawa na moto wa kuota. Akiharaka anakosea. Akikosea anapewa onyo, kisha anakatwa pesa. Mama anayesihi apite bila karatasi anasimama mbele yake, na nyuma ya huyo kuna foleni ndefu. Mchezo haumwambii afisa huyo ni mtu mbaya. Unamkalisha tu mwenye kucheza pale alipokaa yeye.

Kwa redio jambo hili ni zito zaidi, na kuna uchunguzi uliofanywa hapahapa. Mashariki ya Kongo palikuwa na mchezo wa redio, Kumbuka Kesho, uliotungwa kusaidia watu waishi pamoja. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha, kwa mwaka mmoja, sehemu ambako wasikilizaji walipata mchezo peke yake na sehemu ambako baada ya mchezo palifuata kipindi cha kuwasukuma wajadiliane. Matokeo yalitolewa 2010. Waliopata kipindi cha mjadala walizungumza zaidi, ndiyo. Lakini walikuwa pia wagumu zaidi kwa wengine, walikumbuka zaidi uchungu wao, na hawakuwa tayari sana kusaidia watu wasiowapenda. Nia ilikuwa njema.

Kwa hiyo kituo kitakachowaomba wasikilizaji watume ujumbe kusema nani kati ya wakaaji wa kijiji cha hadithi ni mpelelezi, kitakuwa kinawazoeza watu kazi mbaya, hata zawadi ikiwa inite za simu tu. Kura ipigwe upande wa pili. Wasikilizaji wachague kwa niaba ya anayeshukiwa: ajibu vipi, amwite nani, aonyeshe nini. Yeyote aliyewahi kusimamishwa njiani atakuwa na la kusema.

Limebaki jambo la mavazi ya kujificha. Shujaa asivae koti la mganga wala fulana ya wanaogawa chakula, na asijifanye mkimbizi. Mwaka 2011, huko Abbottabad nchini Pakistani, CIA ilitumia kampeni ya chanjo kama pazia la kumtafuta Osama bin Laden. Habari ilipotoka, chanjo zenyewe ziliingia katika mashaka, na wachanjaji wa polio waliuawa. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ikatangaza ya kwamba CIA haitatumia tena chanjo kwa upelelezi. Watu wa Butembo hawahitaji kwenda mpaka Pakistani kuelewa. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, uvumi juu ya timu za afya ulikimbia kuliko motari, na mwezi wa ine 2019 daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa palepale Butembo, ndani ya hospitali. Hadithi inayoonyesha muuguzi ambaye kumbe ni mpelelezi inaongeza kuni kwenye moto ule. Inayoonyesha mkimbizi ambaye kumbe ni mpelelezi inawekwa mlangoni pa kila kambi.

Mavazi mengine yako mengi. Mpelelezi aweza kuwa mnunuzi wa kahawa, fundi wa redio, mpiga picha za harusi. Na mama wa makala anaweza kupewa sehemu nzima yake mwenyewe: mgeni amekwisha kwenda, askari wamesimama mbele ya gunia lake, wanauliza alimjulia wapi yule mtu. Hapo ndipo mtangazaji akate, atoe namba ya simu, na kuwauliza wasikilizaji mama ajibu nini.