Ndege Kuukuu na Kumbukumbu za Taifa

Miongoni mwetu wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wa kutajika, ambao wakilisikia neno utamaduni hukumbuka ngoma, vinyago, methali na mavazi ya harusi, wakaishia hapo. Ukiwaambia kwamba ndege kuukuu ya kijeshi nayo ni jambo la utamaduni, hucheka. Chuma ni chuma, husema. Kikichakaa kiuzwe kwa kilo, kiyeyushwe, watu wapate sufuria. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, hata katika vyumba vya walimu, nasi tunaipinga. Tunaipinga kwa sababu ni hoja ya mtu aliyekwisha kukubali kwamba kutunza kumbukumbu za mambo makubwa ya dunia ni kazi ya wengine, na kazi yake yeye ni kuwachezea ngoma wanapokuja kumtazama.

Tuchukue mfano mmoja tu, wa ndege za uchukuzi zilizotumiwa na vikosi maalumu vya Marekani. Asili yake ni C-130, iitwayo Hercules, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 23 Agosti 1954. Kwa sura haina uzuri wa kusifiwa. Tumbo lake ni nene, mabawa yamewekwa juu ya mgongo, ina rafadha nne, na nyuma pana mlango unaoshuka hadi chini kama ulimi ili gari liingie kwa magurudumu yake lenyewe. Ilikusudiwa kubeba askari na vifaa na kutua mahali pasipo na lami. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, baadhi ya ndege hizo zilibadilishwa ziwe za kazi za siri. Zilitiwa rada ya kuziwezesha kufuata mabonde na vilima usiku zikiruka chini sana, zikapakwa rangi ya giza, na puani zikafungwa vyuma viwili vilivyochanuka kama sharubu za kambare. Sharubu hizo zilikuwa na kazi ya ajabu. Mtu aliyekuwa chini alivaa mikanda iliyoungwa na kamba ndefu, na kamba hiyo ikainuliwa angani na puto. Ndege ikapita, ikainasa kamba, ikamnyakua mtu huyo bila kutua. Ndege za namna hiyo ziliitwa Combat Talon.

Toleo lao la kwanza, MC-130E, liliondolewa katika utumishi mwaka 2013, baada ya takribani nusu karne. Jamaa yao MC-130P, iliyokuwa ikizitilia helikopta mafuta angani, ilistaafishwa mwaka 2015, na MC-130H ikafuata mwaka 2023. Nyingi za ndege za jeshi la nchi hiyo zikistaafu hupelekwa Davis-Monthan, karibu na mji wa Tucson katika jangwa la Arizona, ambako hewa ni kavu, kutu haiwahi kuingia, na ardhi ni ngumu kiasi cha kuhimili uzito wa ndege bila sakafu ya saruji. Huko hutolewa vipuri, na hatimaye mabaki huuzwa kama chuma chakavu. Naam, hata wao huuza chuma chakavu! Lakini kabla ya kuuza, huchagua. Ile yenye namba 64-0523, iliyokuwa katika uvamizi wa Son Tay, Vietnam ya Kaskazini, tarehe 21 Novemba 1970, imewekwa katika kambi ya Cannon, New Mexico. Yenye namba 64-0567, iliyomchukua Jenerali Manuel Noriega wa Panama alipojisalimisha Januari 1990, imo katika bustani ya ndege za kumbukumbu ya Hurlburt Field, Florida.

Msomaji azingatie jambo moja. Huko Son Tay makomando walikwenda kuwakomboa wafungwa wa Kimarekani, wakakuta gereza halina mfungwa hata mmoja, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Safari ile ilirudi mikono mitupu. Hata hivyo ndege yake imetunzwa, na namba yake inajulikana hadi leo. Watu wanaojua maana ya kumbukumbu hawachagui ushindi peke yake.

Hatuyasemi haya ili tuwasujudie wenye ndege hizo. Ipo kasumba nyingine, ya wale wanaorudi kutoka ng'ambo wakiwa wametazama makumbusho ya watu hadi wakasahau kwao. Ndege iliyosimamishwa bustanini, hata ikiwa imepakwa rangi upya na kuandikiwa maelezo ya kweli tupu, husimulia habari ya aliyeipanda. Haiwezi kusimulia habari ya aliyekuwa amelala nyumbani kwake akasikia ngurumo juu ya paa. Hiyo ni nusu ya pili ya habari, nusu ya chini, na haiwezi kutunzwa Florida wala New Mexico. Itatunzwa na wenye ardhi ile au itapotea. Na ardhi nyingine iliyokanyagwa na ndege za aina hii ni yetu sisi tusemao Kiswahili.

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndege tano za C-130 za Marekani zilipita chini juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Kisangani, zikawamwaga askari wa miavuli wa Kibelgiji wapatao 320. Nyingine zikafuata na kutua. Mji huo ulikuwa mikononi mwa waasi waliojiita kwa neno la Kiswahili, Simba, nao walikuwa wamewashika mateka wageni wengi. Hatuna haja ya kuwatetea walioshika mateka. Askari wale walipokaribia, Simba waliwafyatulia risasi mateka waliokuwa barabarani, wakawaua wanaume, wanawake na watoto. Lakini ni wangapi katika wanafunzi wetu wanaofahamu kwamba siku iliyotangulia, huko Nairobi, Jomo Kenyatta, aliyeongoza kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyoshughulikia Kongo, alikuwa akizungumza na balozi wa Marekani na mjumbe wa waasi, Thomas Kanza, ili mateka waachiwe? Mazungumzo yalikuwa mezani, ndege nazo zilikuwa zimekwisha kuwekwa tayari Kamina. Majina ya wageni waliokufa siku ile yaliandikwa. Wakongo waliokufa katika mji huo na viunga vyake wakati wa vita hivyo ni maelfu, na hakuna aliyeyaandika majina yao kwa bidii ile.

Mfano wa pili unajulikana zaidi, au tuseme nusu yake inajulikana zaidi. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya abiria ya Ufaransa ilitekwa nyara baada ya kuondoka Athens, ikafikishwa Entebbe, Uganda, ambako Idi Amin aliwapokea watekaji. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, ndege nne za C-130 za Israeli, zikiwa zimeruka kilomita zipatazo 4,000, zilitua Entebbe. Kutoka tumboni mwa ile ya kwanza likashuka gari jeusi la Mercedes lililotengenezwa lifanane na la Amin. Mateka zaidi ya 100 waliokolewa; watatu waliuawa katika mapambano, na mmoja, mama mzee aliyekuwa amelazwa hospitali Kampala, aliuawa baadaye na watu wa Amin. Kamanda wa makomando, Yonatan Netanyahu, aliuawa pia, na jina lake limeenea duniani. Mwaka 2016, miaka 40 baada ya tukio hilo, ndugu yake, akiwa Waziri Mkuu wa Israeli, alikuja Entebbe kumkumbuka. Filamu zimetengenezwa, vitabu vimeandikwa. Sasa tunamwuliza mwalimu wa historia: mtajie mwanafunzi wako jina la askari mmoja wa Uganda aliyekufa usiku ule. Walikufa makumi. Walikuwa vijana waliopangwa zamu katika lindo, na tunadhani wengi wao hawakuulizwa maoni yao kuhusu siasa za Amin. Mtajie basi jina la Mkenya mmoja katika wale wengi waliouawa Uganda baadaye, kwa kisa kwamba ndege zile zilipitia Nairobi kutia mafuta wakati wa kurudi.

Ukimya huo utajibiwa na nani?

Wale wenzetu wa chuma ni chuma tungependa waitafakari sehemu moja ya mkasa huu. Jengo la abiria la zamani la Entebbe, walimofungiwa mateka, lilikuwa limejengwa kwa kushirikisha kampuni ya Kiisraeli. Uvamizi ulipopangwa, michoro ya jengo hilo ilitafutwa, ikapatikana. Makaratasi ya zamani, ambayo kwetu pengine yangefungiwa maandazi, yaliwaonyesha makomando mlango uko wapi na ukumbi una upana gani. Mwenye kutunza alilijua jengo lile akiwa mbali kilomita 4,000. Anayedhani kwamba kutunza vitu vya zamani ni mchezo wa watu wasio na kazi, na aieleze habari hiyo kwa namna nyingine.

Mfano wa tatu ni wetu Watanzania wenyewe, na ndio unaotuuma zaidi. Katika vita vya kumng'oa Amin, Libya ilimpelekea askari na silaha kwa ndege. Majeshi yetu yalipoingia Entebbe mwezi Aprili 1979, C-130 moja ya Libya ilijaribu kuondoka na watu, ikapigwa kwa roketi ya kurushwa begani, ikaungua pale pale uwanjani. Kwa hiyo katika muda usiotimia miaka mitatu, uwanja ule ule ulishuhudia ndege za aina moja zikifanya kazi moja, yaani kuwatoa watu katika hatari. Za Israeli zilifaulu, ya Libya ikashindwa, na aliyeishinda ni mtoto wa mkulima kutoka nchi hii aliyeshika roketi begani. Habari za zile zilizofaulu zimejaa maktaba. Habari ya hii moja mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kuisoma huielekezwa, aghalabu, kwenye kitabu cha Kiingereza.

Wapo watakaotuambia: hizi ni zana za uvamizi, kwa nini tuzitukuze? Kutunza si kutukuza. Boma la Wajerumani la Bagamoyo tumelitunza, wala hatumtukuzi aliyelijenga. Ngome ya Kilwa Kisiwani tumeitunza. Meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika ilikuja kama meli ya vita ya Wajerumani, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikatumikia abiria wetu miaka mingi kuliko ilivyowahi kupigana. Lakini tazameni pia ile manowari ya Königsberg, iliyoangamia katika mto Rufiji mwezi Julai 1915. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Mto ni wetu, na matope ni yetu. Jirani zetu hatuwalaumu kwa kuitunza mizinga hiyo, bali tunawashukuru. Tunachosema ni kwamba mtoto wa Rufiji hana budi kupanda basi na kuvuka mpaka ili akione kilichofia mtoni kwao.

Mashujaa wetu wa vita vya Kagera wamelala Kaboya, na taifa huwaheshimu kila tarehe 25 Julai. Heshima hiyo ni ya haki. Ila kaburi hutoa jina na tarehe tu, halielezi mtu alifikaje vitani, alibebwa na nini, aliyemtia mafuta ndege au lori ni nani, na majeruhi walirudishwaje. Jeshi letu nalo limewahi kurusha ndege za uchukuzi, Caribou na Buffalo zilizotengenezwa Kanada, nazo zilikuwa na marubani na mafundi wao. Tunashikilia kwamba ndege kama hizo zinapofika mwisho wa maisha yake, moja isimamishwe mahali ambapo wanafunzi wataingia tumboni mwake na kukaa kwenye viti vya turubai, na daftari la safari zake liwekwe kando yake. Tena maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, yasiwe tafsiri ya kijitabu cha kiwandani. Asiye na uwezo wa kuitunza ndege nzima atunze rafadha moja na maneno ya fundi aliyeifunga. Mnara wa zamani wa uwanja wa Entebbe una matundu ya risasi hadi leo. Hakuna aliyehitaji fedha nyingi kuyaacha yalivyo.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwezi Aprili 1979 sasa amekwisha kupita miaka 65. Yuko kijijini, huenda ni jirani ya shule ya sekondari ambamo mwalimu anafundisha vita hivyo kwa kurasa mbili za kitabu. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kumwendea wakiwa na daftari, wakamwamkia, wakamwuliza aliingia Entebbe kwa njia gani, ni saa ngapi, ndege ile ilikuwa inaelekea upande gani wa uwanja ilipopigwa, na ni nani waliokuwa kulia na kushoto kwake. Waandike majina yote atakayoyataja, na ya wale waliokuwa upande wa pili, kama aliwahi kuyasikia.