Tusiuze Mboga ya Watoto

Ndugu wanaushirika,

Tangu mama watoto alazwe hospitali, mpishi ni mimi. Nilianza vibaya: mchicha nakata kwanza ndipo naosha, nachemsha mpaka unakuwa mweusi, maji namwaga. Kumbe namwaga vitamini! Jirani akanifundisha: osha kabla ya kukata, chemsha kidogo tu, tia karanga za kutwanga. Sembe nimeacha, nasaga dona, maana vitamini nyingi za mahindi zimo kwenye kiini na ganda. Watoto wanamaliza sahani.

Lakini jamani, maharage na karanga tunauza yote, nyumbani tunabaki na ugali na chumvi! Kila kaya ibakize japo debe moja. Na wanaume wenzangu, tujifunze kupika kabla ugonjwa haujatulazimisha.

Ni mimi,
Mwanachama mwenzenu.