Ndege za Shirika la Ethiopia: Kutoka Masalia ya Vita hadi Jeti za Masafa Marefu

Tarehe 27 Aprili 2013, ndege aina ya Boeing 787 Dreamliner ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kutoka Addis Ababa na kutua Nairobi ikiwa na abiria. Safari hiyo fupi ingekuwa ya kawaida kabisa, ila ilikuwa ya kwanza ya kibiashara kufanywa na ndege ya aina hiyo popote duniani baada ya zuio la zaidi ya miezi mitatu. Januari mwaka huo betri za Dreamliner mbili za mashirika ya Japani zilipata hitilafu, moja ikishika moto katika uwanja wa Boston, na mamlaka za usafiri wa anga zikaamuru ndege zote za aina hiyo zisimame. Kazi ya kubadilisha mfumo wa betri ilisimamiwa na Boeing. Hata hivyo, uamuzi wa kutangulia kurudi angani ulikuwa wa shirika la Afrika lililokuwa na Dreamliner nne tu wakati huo.

Leo shirika hilo, ambalo ni mali ya Serikali ya Ethiopia, lina zaidi ya ndege 140 na ndilo kubwa kuliko yote barani Afrika. Idadi hiyo hutajwa mara nyingi pale nchi nyingine za Afrika, zikiwemo za Afrika Mashariki, zinapopanga kununua ndege za umma. Kinachotajwa kwa nadra ni namna ndege hizo zilivyopatikana, kwa mpangilio gani, na kitu gani kilijengwa ardhini kabla hazijafika.

Shirika la Ethiopia lina rika lake katika ukanda huu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari Januari 1946 likiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide, zenye mabawa ya ngazi mbili. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Aprili 1946, ndege ya Ethiopia aina ya C-47 ilifanya safari ya kwanza kutoka Addis Ababa kwenda Cairo kupitia Asmara. C-47 hizo zilikuwa masalia ya jeshi la Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na zilibeba abiria na mizigo pamoja. Serikali ya Mfalme Haile Selassie ilitoa fedha, na shirika la Marekani la TWA likatoa marubani, mafundi na mameneja.

Kwa muda fulani rika la kusini ndilo lililokuwa mbele. Shirika la Afrika Mashariki lilipokea jeti zake za kwanza, Comet 4, mwaka 1960, na mwaka 1966 likaongeza Super VC10 zilizounganisha miji ya Afrika Mashariki na London. Ethiopia ilipokea jeti zake za kwanza, Boeing 720B, mwishoni mwa 1962. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Afrika Mashariki lilisambaratika kutokana na migogoro ya kifedha na kisiasa baina ya nchi tatu wamiliki. Karakana yake kuu ilikuwa Embakasi, Nairobi. Tanzania na Uganda zilijikuta zikianzisha mashirika yao bila kitovu hicho cha ufundi, hasara ambayo haionekani katika picha za ndege lakini iliathiri miaka mingi iliyofuata.

Kwa Ethiopia, jiografia ilikuwa mwalimu mkali. Uwanja wa Bole upo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi: mabawa hupata mnyanyuko mdogo, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kuruka. Uwanja wa zamani wa Lideta haukufaa kwa jeti, hivyo Bole ulijengwa sambamba na ununuzi wa Boeing 720B. Tangu hapo kila ndege iliyofikiriwa kununuliwa ilipimwa kwanza kwa swali la uzito: itaondoka Addis Ababa na abiria wangapi, mafuta kiasi gani, na itafika wapi bila kutua njiani? Shirika linaloanzia pwani laweza kuvutiwa na sura ya ndege au bei yake. La nyanda za juu halina anasa hiyo.

Sambamba na ndege zilikuja shule. Katikati ya miaka ya 1960 shirika lilianzisha mafunzo yake ya marubani na mafundi mjini Addis Ababa. Mkataba na TWA ulikuwa na lengo la kuwakabidhi Waethiopia kazi hatua kwa hatua, na mwaka 1971 uongozi wa juu ukashikwa na Mwethiopia. TWA ilipoondoka kabisa katikati ya muongo huo, hakukuwa na pengo la kutisha katika vyumba vya marubani wala karakana.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya mapinduzi ya 1974. Utawala wa kijeshi wa Dergi ulielekea upande wa Umoja wa Kisovieti, na jeshi likapokea silaha na ndege kutoka huko. Ingetarajiwa shirika la umma lifuate mkondo huo huo. Halikufanya hivyo. Baada ya kipindi cha kuyumba mwishoni mwa miaka ya 1970, lilipewa uongozi mpya mwaka 1980 na likaendelea kununua Boeing: kwanza 727, kisha 767. Mwaka 1984, wakati uhusiano wa Addis Ababa na Washington ukiwa mbaya, Boeing 767 mpya ya Ethiopia iliruka kutoka Washington hadi Addis Ababa bila kutua, umbali wa takriban kilomita 12,000, ikiweka rekodi ya wakati huo kwa ndege ya injini mbili.

Uamuzi huo ulikuwa wa hesabu zaidi kuliko itikadi. Kubadili watengenezaji kungemaanisha kubadili vipuri, vitabu vya matengenezo na leseni za mamia ya watu kwa mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika liliongeza Boeing 757, ambayo chumba chake cha marubani kinafanana sana na kile cha 767, kiasi kwamba rubani aliyefuzu kwa moja aliweza kurusha nyingine kwa mafunzo mafupi ya ziada. Kwa shirika lenye ndege chache za masafa marefu, rubani mmoja wa namna hiyo alikuwa na thamani ya wawili.

Kuanzia hapo orodha ya ndege inakwenda haraka. Mwaka 2005 Ethiopia iliagiza Dreamliner, na baada ya ucheleweshaji mrefu wa kiwanda ikapokea ya kwanza Agosti 2012, ikiwa shirika la kwanza Afrika. Boeing 777 ya masafa marefu ilitangulia mwaka 2010. Mwaka 2016 ikaja Airbus A350-900, nayo ya kwanza barani, na Novemba 2024 A350-1000. Kwa safari za ndani na nchi jirani zipo Q400 za pangaboi. Kuingiza Airbus katika ndege za masafa marefu kuliongeza gharama za mafunzo na vipuri, lakini kulilipa shirika nguvu ya kujadiliana na kinga dhidi ya matatizo ya kiwanda kimoja.

Umuhimu wa kinga hiyo ulionekana kwa uchungu. Tarehe 10 Machi 2019, ndege aina ya Boeing 737 MAX 8 iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka. Watu wote 157 walifariki, wakiwemo Wakenya 32, idadi kubwa kuliko ya taifa lolote jingine. Ilikuwa ajali ya pili ya aina hiyo ya ndege ndani ya miezi mitano, baada ya ile ya Indonesia. Ethiopia ilisimamisha mara moja MAX zake zilizobaki, na vinasa taarifa vya ndege vikapelekwa Ufaransa kusomwa. Marekani, nchi ya mtengenezaji, ilisimamisha aina hiyo tarehe 13 Machi, baada ya nchi nyingi kutangulia.

Siku za mwanzo kulikuwa na sauti nje ya Afrika zilizotilia shaka ujuzi wa marubani. Ripoti ya awali ya Ethiopia, iliyotolewa Aprili, ilieleza kwamba walifuata taratibu zilizotolewa na mtengenezaji. Tatizo lilikuwa programu iitwayo MCAS, iliyosukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea taarifa za kihisi kimoja kilichokuwa kikitoa vipimo vya uongo. Ndege za MAX zilikaa chini duniani kwa miezi 20. Ethiopia ilizirudisha katika safari Februari 2022, ikiwa miongoni mwa mashirika yaliyochelewa zaidi kufanya hivyo, na Novemba 2023 ikaagiza nyingine 20. Kwa familia za waliopotea, agizo hilo bila shaka halikuwa habari nyepesi.

Kati ya matukio hayo mawili lilipita janga la UVIKO-19. Abiria walipotoweka mwaka 2020, mafundi wa Addis Ababa waling'oa viti katika baadhi ya ndege za abiria na kuzigeuza za mizigo, zikasambaza vifaa tiba katika nchi nyingi. Shirika lilivuka kipindi hicho bila kuomba fedha za uokoaji. Kazi hiyo isingewezekana kwa wakati iwapo kila ndege ingelazimika kupelekwa ng'ambo kufanyiwa mabadiliko.

Si kila kitu katika mfano wa Ethiopia kinaweza kunakiliwa. Soko lake la ndani lililindwa kwa miongo mingi, na Addis Ababa ipo mahali panapofaa kuunganisha Afrika na Asia. Hata hivyo Tanzania, ambayo tangu 2016 imewekeza upya katika Shirika la Ndege Tanzania, inakabiliwa na maswali yale yale. Ndege za shirika hilo hazifiki 20, lakini zipo Q400, Airbus A220, Boeing 737 MAX 9, 787 na 767 ya mizigo. Kila aina inadai marubani wake, vipuri vyake na mafundi wenye idhini mahususi. Hitilafu za injini zilizoyakumba mashirika mbalimbali yenye A220 mwaka 2022 zilipunguza ndege zilizoweza kuruka nchini, ingawa kosa halikuwa la mwendeshaji.

Ndiyo maana kazi inayoendelea nje ya njia za kurukia inastahili kufuatiliwa kwa makini sawa na mapokezi ya ndege mpya: mafunzo ya urubani na uhandisi wa ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na uwezo wa karakana iliyopo Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro. Fundi wa ndege huhitaji miaka kadhaa ya masomo na mazoezi kabla ya kuruhusiwa kutia saini kwamba ndege iko salama kuruka.

Ethiopia, kwa upande wake, imerudi kwenye swali lake la kwanza, lile la kimo. Uwanja mpya mkubwa unaokusudiwa kuchukua nafasi ya Bole katika safari za kimataifa umepangiwa eneo la karibu na Bishoftu, mamia ya mita chini ya Addis Ababa, ambako ndege ile ile itaweza kuruka ikiwa na mzigo mzito zaidi.