Mila ya Bwana, Uigaji wa Mtwana

Iko ada mbovu iliyozoeleka katika maandishi ya utamaduni: Mzungu akicheza dansi ya jirani yake huambiwa anatunza mila, Mswahili akifanya yayo hayo huambiwa anaiga. Ada hiyo yafaa ipimwe pale inapojionea fahari zaidi, nako ni Vienna, usiku wa karamu ya dansi katika jumba la opera.

Karamu hiyo huwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Sakafu husawazishwa hadi jukwaani, wakaingia wageni wapatao 5,000, wanaume kwa makoti meusi yenye mikia. Tiketi ya kupita mlangoni tu huzidi euro 300. Wasichana waliovaa nyeupe, mataji vichwani, hupita kwa safu pamoja na wenzi wao, kisha hutolewa amri, “Alles Walzer!”, na sakafu ikawa ya wote. Huu, ati, ndio ustaarabu wa kale.

Wa kale tangu lini? Kwa jina lake la leo karamu hii ilianza mwaka 1935. Na dansi zake ni za nani? Poloneza ni ya Poland, na asili yake ni mwendo wa wanakijiji. Kadrili ni ya Ufaransa. Hata leo, usiku wa manane, mwalimu huziita hatua zake kwa Kifaransa, na nusu ya ukumbi hupotea, watu wakagongana na kucheka. (Pengine hiyo ndiyo saa pekee ambapo karamu hii hufanana na ngoma.) Walzi nayo, malkia wa usiku, ni ndugu wa Ländler, mchezo wa wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani. Ilipochezwa katika kasri la mtawala wa Uingereza mwaka 1816, gazeti la The Times liliilaani kuwa ni dansi ya kigeni isiyo na haya, likawaonya wazazi wawalinde binti zao. Leo wazazi hao hao hulipa ili binti zao wafundishwe!

Sasa na itazamwe beni, iliyozuka pwani ya Waswahili katika miaka ya 1890. Wachezaji wake walichukua gwaride, tarumbeta na vyeo vya wakoloni, wakavitia katika mashindano ya mitaa yaliyokuwapo kabla ya Mzungu kutia nanga. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Marini na Arinoti zikaenea Tanganyika nzima, zikizika wafu wao na kusaidiana wakati wa shida. Baadhi ya maafisa wa kikoloni waliwaita wachezaji hao waigaji tu. Wengine wakawapeleleza kwa kushuku fitina. Kasuku gani huyo mwenye kupanga njama? Terence Ranger aliijibu hoja ya uigaji kwa kitabu kizima mwaka 1975, na bado wapo wasomi, Waswahili miongoni mwao, wanaoirudia kana kwamba hakuna kilichoandikwa.

Mwaka 2023 UNESCO iliiandika poloneza katika orodha yake kuwa ni dansi ya jadi ya Poland, na ni haki yake. Hakuna aliyewauliza watu wa Vienna kwa nini wanaicheza.