Maradhi ya Kiharusi: Damu Inapoganda Katika Ubongo



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya maradhi ambayo karibu kila nyumba imeyaona kwa macho, lakini ni nyumba chache zinazojua asili yake: maradhi ya kiharusi, ambayo mara nyingi huletwa na damu iliyoganda katika ubongo. Sisi si madaktari. Sisi ni walimu wa chuo cha Kurani hapa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, na elimu yetu ni ya msahafu na ya shule ya msingi. Tutakayoyaeleza tumeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wajuzi, na kilichotupeleka kuuliza ni kosa tulilolifanya wenyewe. Twaona ni haki ya msomaji kulijua kosa hilo kwanza.

Katika msikiti wetu alikuwako bilali, mkulima wa mpunga, mtu wa makamo yetu, tuliyesoma naye juzuu tangu utotoni. Alfajiri moja alipokuwa akitawadha, maji ya kusukutua yalimchuruzika upande mmoja wa kinywa bila ya yeye kujua. Akasimama kuadhini. Maneno aliyoyatamka kila siku kwa miaka mingi yakatoka mazito, kama ya mtu mwenye usingizi, na vijana wawili wakacheka. Kabla ya kukimiwa sala mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, kisha mguu nao ukamshinda, akaanguka.

Tulimchukua nyumbani kwake. Mwanawe mkubwa akasema, "Maalim, tumpeleke hospitali, gari lipo." Tukamjibu, "Subiri kwanza, mwanangu. Huu ni upepo. Mwenye upepo akipigwa sindano hufa." Kijana akanyamaza kwa adabu, maana sisi ndio tuliomfundisha kusoma. Tukaandika kombe kwa zafarani, tukamnywesha mgonjwa kwa kijiko. Akapaliwa, akakohoa sana, nasi tukasema kwamba ni jini linakataa. Tulimfikisha hospitali kesho yake alasiri. Daktari aliuliza jambo moja kabla ya mengine yote: "Ilianza saa ngapi?" Tulipomjibu aliinamisha kichwa, akaandika, wala hakutulaumu. Ingalikuwa nyepesi kwetu kama angalitulaumu.

MARADHI HAYA NI NINI

Ubongo wa mtu ni kama fungu moja tu katika hamsini ya uzito wa mwili wake, lakini huchukua karibu fungu moja katika tano la hewa safi inayobebwa na damu. Hauna akiba. Mfano wake ni shamba la mpunga linalotegemea mfereji mmoja: mfereji ukizibwa, majaruba ya mbele hukauka yale ya nyuma yakiwa bado na maji. Kadhalika mshipa wa damu ukizibika kichwani, sehemu inayolishwa na mshipa huo huanza kufa baada ya dakika chache. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa unapozibika, hufa chembe za ubongo karibu 1,900,000 kila dakika moja. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio wenye kazi ya maneno, bilali wetu alipoteza mkono wa kulia na ulimi kwa pamoja.

Kiharusi ni cha namna mbili. Kilicho kingi ni hicho cha mshipa kuzibwa na donge la damu. Cha pili ni cha mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Kwa macho hupambanuliwi kimoja na kingine. Ni picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine ndiyo inayoonyesha. Jambo hili tulitie moyoni, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge ni sumu kwa aliyepasukiwa na mshipa.

SABABU ZAKE

Damu huganda kwa sababu nyingi, lakini kubwa kuliko zote ni presha, yaani damu kuisukuma mishipa kwa nguvu iliyopita kiasi. Presha ikikaa miaka bila ya kutibiwa, hukwaruza na kukakamaza kuta za mishipa, na palipokwaruzika ndipo donge linapofanyika. Ubaya wake ni kwamba haiumi. Mtu hulima, huvuna, hucheka na watoto, naye anabeba presha ya 180 juu ya 110 bila ya kujua. Presha ikipimwa mara kadhaa ikawa 140 juu ya 90 au zaidi, imekwisha kuwa maradhi.

Baada ya presha huja kisukari, tumbaku, mafuta mengi katika damu, unene na kukaa bila ya kazi. Chumvi nayo ina sehemu yake: Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Sisi wa bonde la Kilombero tupendao samaki mkavu wa chumvi, kisha tukaongeza chumvi katika mchuzi wake, na tufikiri. Virusi vya Ukimwi pia huongeza hatari, hasa kwa asiyetumia dawa.

Donge jingine hutoka moyoni. Moyo unaopiga bila mpango huacha damu ituame, na damu iliyotuama huganda, kisha kipande hukatika na kupanda kichwani. Moyo wa mtu huweza pia kuharibika tangu utotoni kwa vidonda vya koo visivyotibiwa, ambavyo huleta homa ya baridi yabisi na kula milango ya moyo.

Wala wasidhani vijana kwamba haya ni ya wazee peke yao. Mtoto mwenye seli mundu aweza kupata kiharusi kabla ya kufika umri wa kwenda shule, na nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa maradhi hayo: yakadiriwa kuwa huzaliwa takriban 11,000 kila mwaka. Na mwanamke mjamzito, au aliyejifungua katika wiki chache zilizopita, damu yake huganda kwa wepesi kuliko siku nyingine. Akishikwa na maumivu makali ya kichwa, macho yakafifia, au akapata degedege, watu wa nyumbani husema amepandwa na mashetani. Huenda ni donge katika mishipa ya kichwa, au kifafa cha mimba. Yote mawili ni ya hospitali, tena upesi.

MARADHI YETU, SI YA WAGENI

Wako wasemao kwamba kiharusi ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Hesabu zakataa. Kati ya mwaka 1992 na 1995 vifo vilihesabiwa katika sehemu tatu za nchi yetu: Dar es Salaam, Hai, na Morogoro Vijijini katika mkoa wetu huu. Ilionekana kwamba watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikufa kwa kiharusi mara kadhaa zaidi kuliko watu wa umri huo kule Uingereza, na waliofanya kazi hiyo waliona kwamba presha isiyotibiwa ni sababu kubwa. Tena kati ya mwaka 2003 na 2006 walihesabiwa wagonjwa wapya. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, Hai walikuwa kama 108 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kama 316.

Watafiti waliuliza pia watu wa sehemu hizo mbili wanadhani kupooza huletwa na nini. Watu wa Hai, walio shamba, wengi walitaja sababu za mwili. Ni watu wa Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi majini na uchawi. Basi tusiseme kwamba dhana hii ni ujinga wa kijijini utakaoondoka wenyewe kwa kuja barabara na umeme. Huondoka kwa kufundishwa.

Na kufundishwa kwawezekana. Wazee wa bonde hili wakumbuka siku ambazo mtoto mwenye homa na degedege alifichwa asipigwe sindano, kwa hofu ile ile tuliyomwambia mwana wa bilali. Kuanzia miaka ya 1996 na 1997 vyandarua vyenye dawa vilienezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watu wakaelezwa malaria ni nini, na ikathibitika kwamba watoto waliolala ndani yake walisalimika zaidi. Kama tuliweza kwa watoto, kwa nini tusiweze kwa wazazi?

DALILI ZAKE

Dalili za kiharusi huja ghafla. Mwalimu wa chuo huwafundisha watoto kwa yale wanayoyajua, nasi tumewafundisha watoto wetu kuzitambua kwa mambo ya sala.

La kwanza ni uso. Mwambie atabasamu, au asukutue. Kinywa kikienda upande, au maji yakichuruzika upande mmoja, hiyo ni dalili.

La pili ni mikono. Mwambie ainue yote miwili kama anayehirimia sala, ayafumbe macho na asubiri. Mmoja ukishindwa kupanda, au ukashuka wenyewe, hiyo ni dalili.

La tatu ni ulimi. Mwambie asome Alhamdu, au ataje jina lake na la mama yake. Akikoroga maneno aliyoyahifadhi tangu utotoni, au akakosa la kusema, hiyo ni dalili.

La nne ni saa. Ikionekana hata moja katika hizo tatu, tazama saa na uiandike, kisha tafuta gari.

Ziko na nyingine: jicho kupofuka kwa ghafla, kizunguzungu kinachomwangusha mtu, ganzi ya upande mmoja, na maumivu ya kichwa yasiyo na mfano. Na ikiwa dalili zimekuja kisha zikaondoka baada ya dakika chache, usimshukuru Mola ukalala. Shukuru na uende hospitali, kwani mara nyingi kiharusi kidogo hupita kama mjumbe wa kile kikubwa.

LA KUFANYA NA LA KUACHA

Mlaze mgonjwa kwa ubavu. Usimpe chakula, wala maji, wala kombe, wala kidonge cha aina yoyote. Koo lake huenda limepooza, na unachomnywesha kikaenda mapafuni. Hilo ndilo jini lililokohoa mbele yetu. Usimchanje chale, usimmwagie maji baridi, wala usimzidishie dawa zake za presha.

Ipo dawa ya kuyeyusha donge, na muda wake ni saa nne na nusu tangu dalili kuanza, baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Dawa hiyo haipatikani kila hospitali. Hata hivyo mtu asiseme, "Basi twende za nini?" Kuiweka sawa presha na sukari, kuchunga asipaliwe, kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, na kuanza mapema mazoezi ya viungo, yote haya hupunguza vifo na vilema.

Na atakayetuuliza, "Je, mmeacha kisomo?" twamjibu: hatukuacha. Mtume wetu (s.a.w.) alipomzuru Saad bin Abi Waqqas katika ugonjwa wake, imepokewa na Abu Daud kwamba alimwagiza aende kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, aliyekuwa mjuzi wa utabibu. Alikuwa na dua iliyo bora kuliko dua zetu sote, na bado alimtuma mgonjwa kwa tabibu. Basi Kurani husomeka ndani ya gari, na husomeka kando ya kitanda cha hospitali. Saa iliyopita ndiyo isiyorudishwa kwa kusomewa.

Vijana wetu, kila mmoja na ampeleke mzazi wake zahanati akapimwe presha mwezi huu, nanyi mpimwe pamoja nao. Mwenye kupewa dawa asiziache kwa kujiona mzima, maana uzima huo umeletwa na dawa. Ramadhani inapokaribia na amwulize daktari wake: wengi huweza kumeza wakati wa futari na daku, na asiyeweza kufunga amepewa ruhusa na Mola wake.

Bilali wetu yu hai, alhamdulillahi. Huja msikitini kwa mkongojo, huketi kwenye nguzo, na kijana mwingine ndiye anayeadhini. Adhana inaposomwa midomo yake hucheza, lakini sauti haitoki. Akili yake ni timamu na anasikia kila neno. Tumemwomba radhi, naye alitushika mkono kwa mkono wake wa kushoto. Haya tumeyaandika kwa idhini yake, ili maalim mwingine, katika nyumba nyingine, kijana atakapomwambia kwamba gari lipo, awe wa kwanza kupanda.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuijua kweli na kuifuata. Amin.