Tani Milioni Tatu, na Maji ya Nani?

Jamani, nimepotea kidogo hapa barazani, mtanisamehe. Kazi za watu. Wiki iliyopita nilipewa habari ya kurasa za biashara kuhusu shaba ya Zambia, kwamba serikali ya Rais Hakainde Hichilema, iliyoingia madarakani Agosti 2021, imejiwekea lengo la kufikisha uzalishaji wa tani milioni 3 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Nikaambiwa maneno 300. Ukishaandika lengo, bei ya dunia na majina ya makampuni, hayo maneno yameisha. Aya yangu ya mwisho, ambayo ndiyo niliyoipenda, ikakatwa kupisha tangazo la kampuni ya simu. Sasa hapa hakuna mhariri. Ile aya naileta ikiwa imenenepa.

Najua wengine mtauliza, shaba ya Zambia inatuhusu nini sisi wa Dar? Simama Barabara ya Mandela saa yoyote. Yale malori marefu yanayoelekea bandarini, ambayo ukiyatazama unadhani yanarudi matupu, mara nyingi siyo matupu. Chini kabisa kwenye tela kuna mafungu machache ya mabamba mekundu yamekazwa kwa mikanda. Nilimwuliza dereva mmoja, mtu mzima, kwa nini hawajazi tela. Akanicheka. "Dogo, usidanganywe na udogo wake. Hapo kuna tani thelathini. Ukiongeza bamba moja, mizani ya Makambako haikuachii." Madereva wenyewe wanaiita kopa. Sehemu kubwa ya mzigo wa nje unaopita bandari yetu ni wa Zambia na wa Kongo, kwa hiyo kopa ikikohoa huko, huku kuna watu wanalala na njaa.

Na kama ni undugu, upo wa zamani zaidi ya malori. Msiri, aliyeitawala Katanga na biashara yake ya shaba katika karne ya 19 mpaka alipouawa mwaka 1891, alitokea huku kwetu Usumbwa. Na Mobutu alipobadilisha majina mwaka 1971, mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba, kwa Kiswahili hiki hiki, hadi 1997. Haya, tuendelee.

Matumaini ya shaba siyo ya kupikwa. Gari la umeme linahitaji kilo kama 80 za shaba, wakati la petroli linahitaji kilo 20 na kitu. Nyaya, transfoma, mitambo ya jua na ya upepo, vyote ni shaba. Mei 2024 bei ilivuka dola 11,000 kwa tani katika soko la London. Mwanzoni mwa mwaka 1999 tani hiyo hiyo ilikuwa haifiki dola 1,500. Wakati huo huo wazalishaji wakubwa wanapata taabu. Chile miamba yake imechoka, unasaga mawe mengi zaidi upate shaba ile ile. Panama mgodi wake mkubwa ulifungwa mwishoni mwa 2023 baada ya wananchi kuandamana na Mahakama Kuu kufuta mkataba. Ndiyo maana fedha zinamiminika Lumwana, Kansanshi, na Mingomba kule Chililabombwe, ambako kampuni inayoungwa mkono na Bill Gates inasema imepata mwamba tajiri sana.

Lakini tani milioni 3! Mwaka 1969 Zambia ilizalisha zaidi ya tani 700,000, ikawa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Bei ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, migodi iliyokuwa imetaifishwa ikakosa fedha za matengenezo, na kufikia mwaka 2000, wakati wa kumaliza kuiuza kwa watu binafsi, uzalishaji ulikuwa kama tani 250,000. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kurudi pale na kupita kidogo. Mwaka 2024 zilipatikana tani kama 820,000. Sasa zinatakiwa zaidi ya mara tatu ya hizo kwa muda mfupi.

Ukiwauliza wenye migodi kikwazo ni nini, watakuambia kodi. Wana hoja yao. Kodi ya faida ya ziada iliwekwa mwaka 2008, ikaondolewa 2009. Januari 2015 mrabaha wa migodi ya wazi ukarushwa hadi asilimia 20, miezi michache baadaye ukateremshwa. Mtu hawezi kupanga mradi wa miaka thelathini kwa sheria ya miezi sita. Sawa. Ila kodi hurekebishwa na wabunge kwa siku moja wakitaka. Mimi naona kikwazo kikubwa hakiko bungeni. Ni maji.

Tuanze na umeme. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia umekuwa ukitokana na maporomoko na mabwawa, na migodi hutumia karibu nusu ya umeme wote wa nchi. Bwawa la Kariba, lililokamilika mwaka 1959 na kuwahamisha Watonga zaidi ya 50,000 kutoka bonde la Zambezi, lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya migodi hiyo. Mwaka 2024 mvua ikagoma. Februari serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa, na kabla mwaka haujaisha maji ya kuzalishia umeme Kariba yalikuwa yameshuka chini ya asilimia 10. Sisi tunaujua mgao, lakini ule wa wenzetu ulikuwa mwingine. Kuna mitaa iliyokaa gizani karibu siku nzima.

Sasa soma tena ile namba. Mwaka 2024, mwaka huo huo wa giza, uzalishaji wa shaba ulipanda kutoka tani kama 700,000 za mwaka 2023 hadi kama 820,000. Inawezekanaje? Migodi iliombwa ipunguze matumizi ya umeme wa shirika la taifa, nayo ikanunua umeme kutoka nchi za nje kwa dola, kwa sababu dola inazo. Kinyozi wa Kitwe hana. Mama wa mashine ya kusaga hana. Simlaumu mwenye mgodi kwa kununua umeme, ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Ninachosema ni kwamba chati ya tani inaweza kupanda vizuri tu huku nchi ikiwa gizani, na mtu anayeangalia chati peke yake hataliona hilo giza.

Yule dereva alinisimulia kwamba mwaka ule, akilala njiani kule Mkoa wa Shaba (Copperbelt kama wanavyouita wenyewe), vijana walikuwa wanakuja na simu kumwomba awachajie kwenye lori. "Nilikuwa nazo kumi na tatu kwenye dashibodi, mdogo wangu, kila moja nimeibandika karatasi ya jina." Huku nyuma ya kiti chake kuna tani thelathini za chuma cha kutengenezea nyaya za umeme.

Maji ya pili ni yale ya chini ya ardhi. Mgodi wa Konkola ni miongoni mwa migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani. Pampu hutoa zaidi ya mita za ujazo 300,000 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Pampu hizo zinataka umeme, na umeme ukikatika maji hayasubiri. Kongo walilionja hilo Mei 2025. Mitetemo ya ardhi ilisimamisha uchimbaji chini ya ardhi katika mgodi wa Kakula karibu na Kolwezi, maji yakajaa, na ikawa kazi ya miezi kuyatoa. Na huo ni mradi mpya, wenye fedha na mitambo ya kisasa, katika nchi iliyotoka chini ya tani 50,000 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 2024. Kwa hiyo anayesema tani milioni 3 haziwezekani amekosea, jirani amezifikia. Nenda kawaulize wakazi wa Kolwezi wamepata nini.

Maji ya tatu ndiyo yananiuma. Ukishatoa shaba kwenye jiwe, linabaki tope, na tope hilo huhifadhiwa kwenye mabwawa ya udongo. Septemba 25, 1970, tope la namna hiyo liliporomoka na kuingia ndani ya mgodi wa Mufulira usiku, likaua wachimbaji 89. Februari 18, 2025, karibu na Chambishi, ukingo wa bwawa la mgodi wa kampuni ya Kichina ulipasuka, na lita zisizopungua milioni 50 za maji ya tindikali zikaingia kwenye kijito na kisha Mto Kafue. Samaki wakaelea. Mahindi kandokando ya mto yakaungua kama yamemwagiwa mafuta. Kitwe ikafungiwa maji ya bomba. Ndege zikatumwa kumwaga chokaa mtoni kupunguza makali. Mto huo ndio chanzo cha maji ya kunywa ya watu kama milioni 5.

Hapo Zambia ilikuwa haijafika hata tani milioni moja. Tope hukua pamoja na tani. Kwa kila kilo moja ya shaba kuna mawe mengi sana yaliyosagwa, na yote lazima yalale mahali fulani, juu ya mito ile ile, kwa miaka na miaka baada ya mgodi kufungwa na mwekezaji kurudi kwao. Hivyo mimi ningependa leseni ya kupanua mgodi isitolewe mpaka mwombaji aonyeshe umeme wake mwenyewe anaoujenga, wa jua au vyovyote, na aweke benki fedha za kulinda bwawa la tope, fedha asizoweza kuzigusa. Atasema ni ghali. Kama hilo ni ghali kwa shaba ambayo bei yake ilivuka dola 11,000 kwa tani mwaka 2024, litakuwa rahisi lini? Bei ikianguka, na shaba huanguka, hakuna atakayekubali tena.

Sisi tunaingia wapi? Tunajenga njia ya umeme kuelekea mpaka wa Tunduma ili tuunganike na Zambia, na bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Biashara nzuri, sina ugomvi nayo. Ila Rufiji nayo ni mto. Ningependa kujua mapema, mvua ikigoma huku, nani atazimiwa kwanza, mgodi wa Solwezi wenye mkataba wa dola au mimi wa Mbagala.

Nimeomba niende Kitwe kwa basi kupitia Tunduma, nikauone huo mto na nizungumze na wakulima walioungukiwa mahindi. Jibu ni kwamba bajeti ya safari hakuna mpaka robo mwaka ijayo. Nikiipata nitawaandikia.