Tuwaondolee wanaume aibu ya baada ya upasuaji

Kila mwezi wa Novemba ufikapo, wanaume nchini huhimizwa kwenda kupimwa saratani ya tezi kibofu, ugonjwa unaoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wa Kenya. Wito huo ni mwema na haustahili kubezwa. Hata hivyo, kampeni hizo aghalabu hukomea mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Yanayomsubiri mgonjwa akishatoka humo hayatajwi, na miongoni mwayo limo jambo ambalo wanaume wengi huliogopa karibu kama saratani yenyewe, nalo ni kushindwa kuuzuia mkojo.

Ifahamike kwamba tezi hiyo imekaa chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Mkojo huzuiwa na vizuizi viwili vya misuli. Kimoja kiko kwenye shingo ya kibofu na hufanya kazi bila sisi kukiamuru; kingine kiko chini ya tezi, nacho twaweza kukifunga kwa hiari. Tezi nzima inapoondolewa, kizuizi cha juu hupotea au hudhoofika, na mzigo ukakiangukia cha chini pamoja na misuli ya nyonga, ambayo haikuzoea kuubeba peke yake. Ndiposa mpira wa mkojo ukishatolewa, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili, mwanamume hutokwa na mkojo akikohoa, akicheka au akiinuka kitini. Wengi hurudi katika hali nzuri kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja.

Mimi ni mwanaisimu, si daktari, na linaloniudhi zaidi ni lugha tunayomtwika mtu huyu. Kiswahili kina neno kikojozi. Kiishio -zi, kama tukionavyo katika kinyozi, mlezi na mjuzi, humtaja mtu kwa jambo ambalo ni kazi yake au mazoea yake. Kiambishi ki- nacho, japo hupatikana pia katika kijana na kiongozi, humweka katika safu moja na kipofu, kiziwi na kiwete. Neno hilo, ambalo watoto hulitumia kuchekana, linaifanya hali ya kupita ionekane kuwa tabia ya kudumu. Mzee aliyefanyiwa upasuaji hana tabia mbaya. Ana misuli iliyopoteza mwenzake na inayohitaji kufunzwa upya.

Mjomba wangu, mwalimu mkuu mstaafu, alipotoka hospitalini aliacha kwenda barazani kwa wenzake. Akaacha na msikiti, akihofia kuwa hana tohara. Hakuna aliyekuwa amemweleza kabla ya upasuaji kwamba mkojo ungemtoka. Alidhani daktari ameharibu kitu, naye akaona haya kuuliza. Imamu ndiye aliyemkumbusha kwamba sharia haikumfungia mlango mwenye udhuru kama wake: hujisafisha, hujikinga kwa kitambaa, hutawadha kila wakati wa sala uingiapo, kisha husali. Muuguzi mmoja naye akamfunza mazoezi. Miezi minane baadaye mjomba alikuwa barazani akibishana kuhusu siasa kama zamani.

Mazoezi hayo si siri. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, alichapisha maelezo yake mwaka wa 1948 akiwakusudia wanawake waliodhoofika baada ya kujifungua, na leo wanaume pia hufunzwa. Mtu huikaza misuli ileile ambayo angeitumia kuzuia upepo usimtoke mbele ya watu. Huishikilia kwa sekunde tano hivi, akaiongeza muda hadi kumi kadiri anavyopata nguvu, kisha huilegeza kwa muda uo huo. Hurudia mara kumi, na kufanya hivyo mara tatu kwa siku, bila kubana pumzi, tumbo wala makalio. Hafanyi hivyo mpira ukiwa ungalimo. Hapunguzi maji kupita kiasi, kwani mkojo mzito hukichokoza kibofu. Afadhali apunguze kahawa, chai kali na pombe. Bandu bandu huisha gogo. Na iwapo mwaka utapita bila nafuu, zipo tiba nyingine, ikiwemo kuwekewa kizuizi bandia, hivyo asikate tamaa.

Lipi basi latupasa? Kwanza, hospitali zimweleze mgonjwa haya yote kabla ya kisu, kwa Kiswahili anachokielewa, na zimpe maandishi ya kwenda nayo nyumbani. Mtu akijua mapema kwamba mkojo utamtoka na kwamba unaweza kurudi kudhibitiwa, hataikimbia tiba. Pili, waajiri waelewe. Katika shule na vyuo vyetu, vyoo vya wanaume havina hata pipa la kutupia pedi, kana kwamba hakuna mwanamume awezaye kuihitaji. Mwalimu aliyerudi kazini baada ya upasuaji aruhusiwe kutoka darasani kwa dakika tano bila kudaiwa maelezo mbele ya wanafunzi. Tatu, sisi walimu tuyafundishe maumbile haya kwa maneno sahihi. Tasfida ina mahali pake, lakini adabu ya kusema haja ndogo isigeuke kuwa kizibo cha kinywa mbele ya daktari.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwaka wa 2001 ilipotangazwa kwamba Nelson Mandela alikuwa na saratani ya tezi hii, dunia haikumwona kuwa amepungukiwa na uanaume. Tumewahimiza wanaume waingie hospitalini. Tuwape basi na maneno ya kutokea, ili waweze kusema bila haya: mkojo wanitoka, nifanyeje?